Ukubwa wa Afrika Katika Ramani: Kosa la Mchoraji au Kosa la Lugha?

Mwezi wa Agosti 2025 Umoja wa Afrika ulitangaza kwamba unaiunga mkono kampeni inayotaka ramani ya dunia ya Mercator iachwe kutumiwa mashuleni na maofisini, na badala yake itumiwe ramani inayoonyesha mabara kwa ukubwa wake halisi. Ramani iliyopendekezwa ni ile iitwayo Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018. Habari hiyo ilizungumzwa sana, na kwa majuma machache ikawa kana kwamba kila mtu ni mjuzi wa ramani.

Makala haya hayakusudii kuupinga uamuzi huo. Kwa maoni yangu uamuzi wenyewe ni mwema, ingawa umechelewa. Yanayokusudiwa hapa ni kuichunguza lugha ambayo kwayo shauri hili huelezwa kwa Kiswahili, maana shauri la haki likielezwa kwa maneno yasiyo yake huwa shauri dhaifu, na mshtakiwa hupata njia ya kuponyoka. Swali si dogo. Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na hapana shaka kwamba nyaraka zitakazoandikwa juu ya ramani hii zitatakiwa kwa Kiswahili pia. Je, tunayo maneno ya kusemea jambo hili bila kulipotosha?

Nianze na kitenzi kinachopendwa zaidi. Husemwa kwamba ramani ya Mercator "imeipunja" Afrika. Kupunja, kama wajuavyo wasomaji wa jarida hili, ni kumpa mtu chini ya kipimo anachostahili. Ni neno la sokoni, la pishi na kibaba. Sasa tulipeleke neno hilo kwenye hesabu tuone kama linasimama.

Mji wa Nakuru uko dakika 17 kusini ya Ikweta, yaani kilomita 31 hivi. Mtu akiondoka mjini kwa gari kuelekea Baringo huuvuka mstari huo Mogotio, tena kabla hajachoka kukaa. Kanuni ya Mercator ni kwamba kadiri mahali palivyo mbali na Ikweta ndivyo panavyovutwa, urefu na upana kwa pamoja. Kwenye nyuzi 60, karibu kabisa na ulipo mji wa Oslo, kila kilomita moja huonekana kama mbili, na kwa hiyo kila eneo huonekana mara nne ya lilivyo. Hapa Nakuru mvuto huo haufiki hata sehemu mbili katika laki moja. Kwa maneno mengine, hakuna mahali duniani panapochorwa kwa uaminifu zaidi katika ramani ya Mercator kuliko mahali kama hapa petu. Kenya nzima, kutoka nyuzi 5 kaskazini hadi karibu nyuzi 5 kusini, haiongezewi hata asilimia moja ya eneo lake.

Basi nani amepunjwa? Afrika imepewa karibu kipimo chake chote. Waliotendewa lisilo la kawaida ni wengine. Kenya ina kilomita za mraba 580,000 hivi, na Uingereza pamoja na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini ina 244,000. Yaani Kenya inaizidi zaidi ya mara mbili. Lakini Uingereza imekaa kwenye nyuzi 54 na 55, ambako eneo huvimba karibu mara tatu, na kwa sababu hiyo katika ramani ya Mercator huonekana kubwa kuliko Kenya. Kisiwa cha Greenland, ambacho hakifikii ukubwa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, huonekana kulingana na Afrika yote, hali Afrika yaweza kukimeza mara 14. (Hapa noamu zetu nazo zinatia chumvi: kitu kilicho karibu mara nne ya Kenya tunakiita "kisiwa" kwa ki- ile ile ya kijiji na kitoto. Lakini si kila ki- ni ya kudunisha, na hilo ni somo la siku nyingine.)

Wanaonunua mahindi katika soko la Nakuru watanielewa upesi. Muuzaji akikujazia gorogoro lako hadi ukingoni akalisawazisha kwa mkono, hakukupunja. Akimjazia mwenzako gorogoro hilo hilo kwa kilima kinachomwagika pande zote, kwa bei ile ile, bado hakukupunja, amekubagua. Lawama ni nzito vilevile, pengine nzito zaidi, lakini ni lawama nyingine na hutaka neno jingine. Kitenzi "kupendelea" chafaa, ila kiwe na yambwa yake sahihi: ramani hii imezipendelea nchi za kaskazini. Anayesema imeipunguza Afrika atajibiwa na mwanafunzi yeyote mwenye rula na dunia ya duara mkononi.

Lipo shtaka moja la kupunja ambalo ni la haki, nalo halimhusu Mercator mwenyewe. Wachapaji wengi wa ramani za ukutani huikata karatasi kusini, kwa kuwa huko hakuna watu, na kuiacha kaskazini iendelee hadi barafu ya Greenland. Ikweta hushuka chini ya katikati ya karatasi, na mtazamaji huona kwamba kitovu cha dunia ni Ulaya. Hiyo ni kazi ya mkasi, wala haina udhuru wa hesabu.

Nije kwenye istilahi, ambako nadhani kosa letu ni kubwa zaidi. Ramani yoyote ya dunia ni matokeo ya kuuchukua uso wa tufe na kuulaza juu ya karatasi. Kitendo hicho kina jina katika lugha za Ulaya, na katika maandishi ya Kiswahili ya siku hizi, hasa yale yaliyofasiriwa kwa haraka au kwa mashine, nimekiona kikiitwa "makadirio". Msomaji hukuta sentensi isemayo "makadirio ya Mercator" na haoni ajabu, kwa kuwa masikio yetu yamezoea makadirio ya matumizi ya serikali na makadirio ya mavuno. Mfasiri alikuta neno la kigeni lenye maana mbili akachukua ile ya mhasibu. Hili si kosa la mtindo tu. Kukadiria ni kutoa hesabu ya kubahatisha pale ambapo hakika haipatikani. Mercator hakubahatisha. Ramani yake hufuata kanuni kamili, na kila nukta ina mahali pake pamoja. Tukisema "makadirio" tunamfundisha mwanafunzi kwamba Greenland imekuwa kubwa kwa sababu mtu alikisia vibaya, na kwamba anayepima vizuri zaidi ataleta ramani isiyo na kosa. Ramani kama hiyo haipo wala haitakuwapo. Ganda la chungwa halilali mezani bila kupasuka au kuvutwa.

Lugha yetu inayo picha bora kuliko hiyo ya chungwa. Fundi wa ngoma huchukua ngozi, iliyokuwa imemzunguka mnyama, akaiwamba. Akiivuta sana pembeni, pembeni hupanuka na katikati hubaki. Akiivuta upande mmoja, alama zilizokuwa duara huwa ndefu. Hawezi kuiwamba bila kuivuta, ila anaweza kuchagua wapi pavutwe. Kitenzi "wamba" kina kila kitu tunachokihitaji: tendo la makusudi, ufundi wenye kanuni, na gharama isiyoepukika. Napendekeza basi nomino "mwambo", wingi "miambo", itumike kwa maana hii, na nitaitumia hivyo tangu hapa. Wapo watakaopenda "mtandazo", kutokana na kutandaza mkeka. Silikatai, lakini mkeka ni bapa tangu mwanzo, kuutandaza hakuubadilishi.

Mwambo wa Mercator ulitengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Faida yake ni moja, nayo ilikuwa kubwa mno: nahodha akichora mstari ulionyooka kutoka bandari hadi bandari, pembe ya mstari huo ndiyo atakayoishika katika dira safari nzima. Ili hilo liwezekane ilibidi maumbo madogo yahifadhiwe na maeneo yaachwe yavimbe. Ni zaidi ya miaka 300 kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na wanaosema kwamba Mercator alikusudia kuidunisha Afrika wanampa mtu huyo maarifa ya siku zijazo. Waliokuja kuitundika kazi yake katika madarasa ya makoloni, ambako hapakuwa na nahodha hata mmoja, ndio wa kuulizwa. Kwao uvimbe wa Kanada katika rangi ya Himaya haukuwa hasara.

Ajabu ni kwamba jina letu la kitu hiki linakumbuka matumizi yake ya kwanza. Wanaisimu wengi hulirejesha neno "ramani" kwa rahmani, jina ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliviita vitabu vyao vya maelekezo ya safari, nalo latokana na Kiajemi rahnama, yaani kionyesha njia. Kitabu cha namna hiyo kilieleza nyota, pepo, bandari na siku za mwendo, na hakikuwa na haja ya kuonyesha nchi ni kubwa kiasi gani. Kwa maana hiyo ya asili, mchoro wa Mercator ni ramani hasa. Na simu ambazo vijana wetu hutafutia njia mjini Nakuru zinatumia mwambo huo huo kwa sehemu kubwa, na kwa sababu inayofanana: njia panda zenye pembe mraba zibaki na pembe mraba. Mwalimu aweza kufanya jaribio bila gharama. Aufungue mji wa Nakuru katika simu, kisha, bila kubadili ukaribu, aende Oslo. Kipimo cha kilomita kilichoandikwa pembeni kitakuwa karibu nusu ya kile cha Nakuru, kwa maana mji wa Oslo umevutwa mara mbili.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni ramani ya Peters. Arno Peters, mwanahistoria wa Kijerumani, aliitangaza mwaka 1973 kwa kishindo kikubwa kama ramani ya haki, hasa kwa nchi maskini. Mwambo wenyewe ulikuwa umekwisha elezwa mwaka 1855 na kasisi wa Kiskoti, James Gall, na Lambert alikuwa ametoa ndugu yake mwaka 1772, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba mwambo huu huhifadhi eneo kwa kuharibu umbo, na ukiuliza umbo la nani linaharibika, jibu halifurahishi. Maumbo hubaki sawasawa kwenye nyuzi 45 tu, yaani katika Ufaransa ya kusini na Italia ya kaskazini. Kwenye Ikweta kila kitu huvutwa kwenda juu na kubanwa ubavuni, hata duara likichorwa kuzunguka Nakuru litaonekana duaradufu yenye kimo mara mbili ya upana wake. Afrika inaning'inia kama nguo iliyolowa. Hivyo ramani iliyokuja kutetea nchi za joto ilizipa eneo lao ikazinyang'anya sura, na sura njema ikabaki Ulaya. Sielewi kwa nini wapenzi wake katika nchi zetu hawakulitazama hili kwa muda mrefu. Equal Earth inahifadhi maeneo kama Peters, lakini mvuto wake umegawanywa kwa upole zaidi, na ndiyo maana nimesema kwamba uamuzi wa 2025 ni mwema.

Hata hivyo, tukiiondoa ramani ya Mercator katika kila ukuta, mtoto wa Nakuru bado atakua akiamini kwamba Uingereza ni kubwa. Ukiifungua atlasi ya shule utakuta Kenya imejaza ukurasa mmoja na Visiwa vya Uingereza vimejaza ukurasa mwingine wa ukubwa ule ule. Hakuna mwambo uliokosea hapo. Kilichobadilika ni kipimo, na kipimo kimeandikwa kwa tarakimu ndogo pembeni, mahali ambapo jicho la mtoto haliendi. Nakala hii ya udanganyifu haina mtu wa kulaumiwa, kwa hiyo haina kampeni. Matokeo yake huonekana katika mambo mepesi. Waulize watu wazima kama Dakar iko karibu au London iko karibu, ukiwa Nairobi. Dakar ni kilomita 6,200 hivi na London ni 6,800. Tofauti haifiki sehemu ya kumi. Katika ramani ya Mercator safari ya London huonekana kuizidi ya Dakar kwa zaidi ya robo, jambo ambalo lingetufanya tuione Dakar kuwa jirani. Lakini nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliombwa mara kwa mara habari za Senegal na watu ambao hawangethubutu kumwuliza Mreno habari za Finland. Hao hawakudanganywa na Mercator.

Isidhaniwe kuwa upotoshaji wa ukubwa ni jambo la ramani za Wazungu na hesabu zao tu. Mfano mkubwa kabisa wa Afrika Mashariki ulitokana na maneno ya Kiswahili. Wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 kwa kazi hiyo. Mwaka 1855 (ule ule wa kasisi Gall) ramani yao ilianza kuchapishwa Ulaya. Katikati ya Afrika walikuwa wamechora ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na nyumba, nalo wakaliita Bahari ya Unyamwezi. Wataalamu wa London walicheka, kisha wakawatuma Burton na Speke wakaangalie. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke akaiona Nyanza peke yake. Bahari ile moja ilikuwa maziwa matatu: Tanganyika, Nyanza iliyokuja kuitwa Victoria, na Nyasa.

Wasafiri hawakusema uongo. Kila mmoja, awe aliyeondoka Mombasa, Tanga au Kilwa, alieleza kwamba njia yake huishia kwenye maji makubwa, na ilikuwa kweli. Nyanza, nyanja na nyasa ni neno moja la Kibantu lililotamkwa kwa namna mbalimbali, na maana yake ni maji mapana tu. Mtu akisikia jina lile lile kwenye ncha za njia tatu, ni rahisi kwake kuziunga ncha hizo. Tena umbali wa msafara ulihesabiwa kwa siku. Siku ya mwendo ina mlima, ina kungoja hongo, ina mgonjwa, wala hainyooki. Erhardt aliichukua rahmani, kionyesha njia, akaisoma kama picha ya nchi. Naona hilo kuwa kosa la ufasiri, la aina ile ile ya "makadirio", na lilifanywa na mtu aliyekijua Kiswahili vizuri.

Neno "bara" nalo linafaa kutazamwa. Tunalitumia kwa Afrika na kwa Asia, kisha tunasema Tanzania Bara, na mtu wa Mombasa akimwita mtu wa Nakuru "wa bara" hamaanishi kontinenti. Asili yake ni nchi kavu kinyume cha bahari. Ni neno la mtu aliyesimama ufukoni akitazama ndani, halina kiwango cha ukubwa. Kaskazini na kusini pia ni majina ya pepo kabla ya kuwa pande za karatasi. Msamiati huu umejengwa juu ya mahali aliposimama msemaji, na hapo sioni upungufu. Upungufu huja pale tunapotaka utufanyie kazi ya kupima bila kuupa istilahi za kupimia.

Hapa katika Bonde la Ufa kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu na lawama juu ya ukubwa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa mujibu wa ramani za serikali reli hiyo ilikuwa imeingia Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukahamishwa, na Naivasha, Nakuru na nchi yote hadi ziwani ikawa ya Himaya ya Afrika Mashariki, bila mtu yeyote kuondoka kwake. Kuondoka kulifuata. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, na kwa ule wa 1911 wakaondolewa Laikipia. Nchi yao ilipungua kweli, si kwa jicho la mtazamaji. Kilichoipunguza ni mistari iliyochorwa katika ramani za kipimo kikubwa, ambazo miambo yake ilikuwa sahihi kabisa. Hapo kitenzi "kupunja" kingestahili, nacho hakitoshi.

Narudi kwenye istilahi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyo mikononi mwetu. Tukilikubali neno "mwambo", itatubidi kuitofautisha miambo kwa kile inachokihifadhi. Mwambo wa Mercator ungeitwa "mwambo-umbo", na ule wa Gall na Peters pamoja na wa Equal Earth "mwambo-eneo". Ipo pia miambo isiyohifadhi umbo wala eneo bali hupunguza makosa yote mawili kidogo kidogo. Kwa hiyo naona "mwambo-suluhu" kuwa bora kuliko "mwambo-mchanganyiko", ambalo halielezi lolote. Kwa kiasi cha mvuto mahali fulani, neno "mvuto" lenyewe limekwisha chukuliwa na wanafizikia, na "uvimbe" linaudhi kidogo, ingawa wanafunzi hulielewa mara moja. Ninayatoa haya yote ili yapingwe na wenzangu, hasa wale wa idara za jiografia, ambao mpaka sasa wanafundisha somo hili kwa Kiingereza.